Natoka boti ya jeti futi 19 kwenda futi 24: toleo gani linafaa maji ya Tanga?

MwanaRaskazone

Wakuu wa bahari, salaam.

Nina boti ya jeti (inasukumwa na maji yanayotemwa na pampu, haina panga la nje) ya futi 19, injini moja ya Yamaha ya lita 1.8. Inalala nyumbani juu ya trela, naishusha hapa hapa Raskazone. Imenifaa sana, ila familia imekua, na kila likizo wageni wa mke wangu lazima wapelekwe visiwa vya Toten na Ulenge. Kiwandani wameandika watu 8. Wanane wa huku wakishaingia na sufuria la pilau, boksi la barafu na mtungi wa maji, boti inachelewa kunyanyuka na kuteleza juu ya maji, injini inalia hadi unaionea huruma.

Nimeamua kupanda. Naangalia mitumba ya Marekani, Yamaha za futi 24 za kuanzia 2015 hadi 2019. Kinachonichanganya ni matoleo: SX240, AR240, 242 Limited, 242 Limited S, halafu kuna 242X. Bodi ile ile, injini mbili za 1.8 zile zile, bei mbali kabisa. Muuzaji ananiambia nichukue la juu kabisa. Sasa muuzaji gani aliwahi kukwambia chukua la chini?

Safari zangu ni Toten, Ulenge na Yambe. Bahari ikiwa shwari nateremka Kigombe na Pangani, mara moja moja mpaka Maziwe. Sichukui abiria wa kulipa, ingawa mama watoto ana mawazo hayo.

Nichambulieni: kipi kwenye matoleo ya juu kina kazi kwenye maji yetu, na kipi ni pambo?

Kiboko ya Mkonge

Nakaa mkeka wa mbele.

Ila mgosi, kwa hela hiyo si unapata boti ya faiba na mashine mbili za Enduro 40, zile za kufunga nyuma zenye pangaboi, chenji ikabaki ya mafuta mwaka mzima? Enduro fundi wake yuko kila bandari, hata Kigombe usiku wa manane unamwamsha mtu anakufungulia kabureta kwa tochi ya simu.

MwanaRaskazone

Hoja ya spea naipokea. Lakini wanangu wanashinda majini nyuma ya boti, na mimi pangaboi karibu na miguu ya watoto sitaki kuliona. Kwenye jeti kila kitu kinachozunguka kiko ndani ya bomba. Kwangu hilo halina mjadala, nabaki kwenye jeti.

Mtanga Ughaibuni

Niko Florida, boti hizi naziona kila wikendi. Ngoja nikupangie herufi.

SX ndiyo ya chini, haina mnara. AR ni ile ile ikiongezwa mnara, lile fremu la bomba linalopita juu ya vichwa, la kufungia kamba ya mtu anayeteleza na ubao. 242 Limited inarudi kwenye kutokuwa na mnara, ila viti, sakafu, redio na dashibodi ni vya daraja jingine. Limited S ni hiyo hiyo pamoja na mnara. 242X ni ya wanaopenda mawimbi ya nyuma ya boti: ina farumi ya maji, matangi unayoyajaza ili boti izame makusudi na kutengeneza wimbi. Ukiona herufi E, mkono wa kuongeza mwendo unaiamuru injini kwa umeme badala ya kebo, na baadaye ndipo ukaja mfumo wa DRiVE, vijiti viwili nyuma ya usukani vya kwenda mbele na nyuma bila kugusa mkono wa gia.

Zote zina upana wa futi 8 na inchi 6, yaani mita 2.59, tangi la galoni 50 ambazo ni lita 189 hivi, na kiwanda kinaandika watu 12. Bodi haibadiliki. Kinachobadilika ni kile unachokalia, unachokitazama na unachokisikiliza.

Kuna pia futi 21, usiiruke. SX210 na AR210 za kuanzia 2017 zina injini mbili ndogo za TR-1, sentimita za ujazo 1,049 kila moja, silinda tatu. Zinakula kidogo kuliko 1.8 mbili. Upana ni ule ule wa futi 8 na inchi 6, umepungukiwa urefu tu.

Kijana wa Chumbageni

AR au Limited S, hakuna mjadala. Boti bila mnara na spika za juu ni boti ya kwenda msibani.

FundiPampu

Nimesoma mpaka nimeamua kuingia. Kazi yangu ni hizi jeti na pikipiki za majini, kwa hiyo nitasema ya chini ya sakafu. Viti mtajuana wenyewe.

Injini ya Yamaha 1.8 inapozwa na maji ya bahari yenyewe. Yanaingia, yanapita kwenye kuta za injini, yanatoka. Hakuna rejeta. Maana yake kila ukirudi lazima uisuuze kwa maji matamu, na kila injini ina mdomo wake wa mpira. Ukiwa na mbili unasuuza mara mbili. Mwenye futi 19 unalijua hili, lakini wasomaji wengine washike utaratibu: washa injini kwanza, ndipo ufungue bomba. Ukimaliza, funga bomba kwanza, ndipo uzime. Ukigeuza, maji yanarudi yanakaa kwenye njia ya moshi na yanaweza kuingia kwenye silinda. Nimeshafungua injini nzima kwa sababu mtoto wa nyumbani alifungua bomba akaenda kutafuta ufunguo.

Kampuni ya Scarab, nao watengenezaji wa boti za jeti, walitumia injini za Rotax, zenye mzunguko wa kipozeo uliofungwa, chumvi haipiti kwenye kuta za injini. Kwa maji yetu hilo ni jambo zuri kweli. Njia ya moshi hata hivyo inapitisha maji ya bahari, kwa hiyo kusuuza hakukwepeki. Kwa spea nakuachia uulize mwenyewe kabla ya kuipenda.

Sasa matoleo. Yasiyoharibika kwa chumvi ni machache. Skrini ya kugusa, spika nane, taa za buluu chini ya viti, swichi za farumi: kila kimoja kina waya, kila waya una kiungo, na kila kiungo hapa Tanga kinaota kijani. Boti iliyolala bandani mwaka mzima imefunikwa turubai, nikifungua kifuniko cha dashibodi nakuta pini zimevaa unga wa kijani utadhani zimemwagiwa mtama ulioota ukungu. Ilipita mvua ya masika tu, haikuguswa na wimbi hata moja.

Kwa hiyo mimi kura yangu ni SX240. Saa za mshale zikifa nakubadilishia moja. Skrini ikifa umepoteza mita zote kwa mpigo.

Kijana wa Chumbageni

Fundi unatutisha ili tusifurahi.

FundiPampu

Furahini, nani kawakataza. Kazi zenu ndizo zinazonilisha.

Bi Ushongo

Mimi napeleka wageni Maziwe, natumia boti ya mashine, si jeti, lakini abiria ni abiria. Niseme ambayo wanaume mmeyaruka.

Kivuli. Kile kisiwa hakina hata mti mmoja, ni mchanga mtupu unaojitokeza maji yakipwa, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, likijaa unamezwa. Hapo hakuna pa kujificha na jua ila kwenye boti. Kama mnara ndio unaobeba turubai kubwa la kivuli ambalo haliyumbi mkitembea, basi mnara si pambo. Kama turubai ni lile la kukunja la mabomba membamba, likishapigwa na upepo wa kusi mchana mmoja utalishika kwa mkono mpaka nyumbani.

Ngazi ya nyuma. Mama mtu mzima mwenye magoti mabovu atapanda vipi kutoka majini? Hesabu vidato vinavyozama. Viwili havitoshi, anaishia kuvutwa kwa makwapa kama gunia, na siku hiyo imeharibika. Boti hizi za Yamaha nilizoziona zina baraza pana pale tezi, yaani nyuma, karibu kabisa na maji, na viti vinavyotazama nyuma. Hilo ndilo wageni wanalipenda kuliko redio.

Na huyo wifi yangu mwenye mawazo ya biashara, mwambie mapema: siku utakayotoza nauli, kile kibao cha kiwanda cha watu 12 hakitakusaidia. Ukaguzi ni wa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, na idadi itakayoandikwa kwenye cheti chako ndiyo utakayoulizwa ufukweni, pamoja na jaketi za kuokolea, kizima moto na karatasi za nahodha. Usinunue boti kwa hesabu ya vichwa 12.

MwanaRaskazone

Bi Ushongo umenigusa hapo kwenye ngazi, mama mkwe wangu ndiye huyo huyo unayemsema. Asante dada.

Fundi, nikuulize: injini mbili zinanisaidia nini hasa zaidi ya mwendo? Maana mafuta nayo ni mara mbili.

Mzee wa Kusi

Hilo nijibu mimi kabla ya fundi.

Mwanangu, injini moja ya jeti ni roho moja. Bomba likimeza kamba au furushi la nyasi bahari huna kitu, huna hata usukani, kwa sababu jeti inageuka kwa maji inayosukuma. Maji yasiposukumwa, unazungusha usukani wa hewa. Mtu mwenye mashine iliyozima bado anaweza kuuacha upepo umsukume kwa nyuma na kuielekeza boti kwa kasia. Wewe unaelea tu, na kati ya Yambe na Pangani wakati wa kusi utapelekwa kokote kuelea kunakopenda.

Injini mbili, moja ikiziba unarudi na moja. Hutanyanyuka, utajikokota, lakini unarudi. Hilo tu linatosha kuhama futi 19. Hayo ya viti vya ngozi mtaongea wenyewe.

Jambo la pili hamjaligusa. Hizi boti omo yake, yaani mbele, iko wazi, ina viti. Zimechorwa kwa maziwa na ghuba za Marekani. Ukiwa na watu watano wazito mbele na wimbi la Juni linakuja kwa kukatika, boti ikishuka bondeni inachota. Maji hayo ya omo yanakimbilia nyuma, na nyuma ndiko ziliko injini. Wazungu wana madaraja yao ya ubora wa Ulaya: C ni upepo hadi nguvu ya 6 na mawimbi hadi mita 2, B ni upepo hadi nguvu ya 8 na mita 4. Tafuta herufi hiyo kwenye kibao kama ipo, na ujue kwamba hata C imeandikwa mtu akiwa na akili zake. Maleleji, upepo ukiwa umetulia, nenda unakotaka. Kaskazi ondoka alfajiri, urudi kabla upepo haujakaza. Kusi ikishasimama Juni na Julai, ishia ndani ya ghuba, Toten na Ulenge.

MwanaRaskazone

Shikamoo mzee wetu. Mkondo wa Pemba sijawahi kuuvuka na jeti na sina mpango.

Mzee wa Kusi

Marahaba. Ukae hivyo hivyo.

FundiPampu

Mzee kamaliza la roho. Mimi niongeze la mafuta kwa sababu hapo ndipo watu wanapouza boti ndani ya mwaka.

Injini mbili za 1.8 zikitembea kwa utulivu, boti imeshanyanyuka, hujaikaba, zinakula lita 45 hadi 60 kwa saa. Ukikandamiza mpaka mwisho unavuka lita 100 bila shida. Hesabu yako ya safari ifanye na bei ya EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, ya mwezi husika, ile inayotoka Jumatano ya kwanza, usifanye kwa mdomo. Tangi la lita 189 linaonekana kubwa mpaka ukumbuke sheria ya mabaharia: theluthi kwenda, theluthi kurudi, theluthi haiguswi. Kwenda Maziwe na kurudi kutoka Raskazone, ukiongeza kuzungukazunguka na watoto, unaila theluthi ya tatu. Ndiyo maana wazo la futi 21 yenye TR-1 mbili ulipe uzito, roho mbili unazipata na mafuta yanapungua.

Zenye supachaja, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, usiziangalie. Nguvu nzuri, ila joto zaidi, petroli ya kiwango cha juu zaidi, na kifaa kingine cha kuharibika ambacho hakuna wa kukukopesha hapa mjini.

Kiboko ya Mkonge

Lita 60 kwa saa! Nilisema Enduro mkanicheka.

Mtanga Ughaibuni

Hakuna aliyekucheka mkuu, tulikupita tu.

MwanaRaskazone, kuhusu futi 21: tatizo ni kwamba watu wako ni wengi. Kiwanda kimeandika 10, kwa hesabu ya pilau ni saba au wanane. Utakuwa umehama nyumba ukabaki chumba kile kile.

Na kwa wanaovua, Yamaha walianza kutoa mstari wa FSH kuanzia futi 19, wakaja wa futi 21 na 25. Usukani uko katikati, unazunguka boti nzima na mshipi wako, kuna matundu ya fimbo na kivuli kigumu juu. Kwa Tanga naona ndiyo boti ya jeti yenye akili kuliko zote, ila viti vya familia ni vichache.

MwanaRaskazone

FSH nimeiangalia, nimeipenda, mke wangu kaitazama picha moja akauliza "sasa mimi nakaa wapi?" Imeishia hapo.

Tuje kwenye mwendo mdogo. Futi 19 yangu nikikaribia ufukweni polepole inayumba kama ina maluweluwe, nageuza kulia inafikiri kwanza. Futi 24 ni hivyo hivyo? DRiVE inasaidia au ni tangazo?

Mtanga Ughaibuni

Za 2015 kuja mbele futi 24 zina mkuku mdogo nyuma unaogeuka pamoja na usukani, kwa hiyo mwendo wa polepole unashika njia vizuri kuliko za zamani. Hilo lipo mpaka SX, huhitaji kulipia toleo la juu.

DRiVE inasaidia kweli kwenye gati lenye boti kulia na kushoto, unachapa kijiti kushoto boti inasimama, unachapa kulia inasogea kidogo. Hapa Florida ambako unaingia kwenye kibanda chembamba huku majirani wanakutazama, ina thamani.

FundiPampu

Na hapa ambako unaingia ufukweni na kijana anaruka na kamba, haina. Tena ni umeme juu ya umeme. Ndoo ya rivasi, kile kikombe kinachogeuza maji ili boti irudi nyuma, ikiwa inavutwa kwa kebo naitengeneza Jumapili asubuhi kwa spana mbili. Inayovutwa na mota na kompyuta, nianze kwa kutafuta kompyuta ya kuisoma.

Ila sikiliza hili la ufukweni, ndilo linaloua pampu nyingi Tanga kuliko miamba. Watu wamekariri kwamba jeti inapita maji mafupi. Inapita ikiwa imeshanyanyuka na inakimbia. Ukiwa umesimama ukawasha kwenye maji yasiyofika kiunoni, bomba linanyonya mchanga kama kifyonza vumbi, na mchanga unasaga impela, lile panga la ndani ya pampu, na ringi inayoizunguka. Nafasi kati ya viwili hivyo haifiki milimita moja. Ikipanuka kidogo, maji yanavuja pembeni: injini inapanda mizunguko, boti haiendi. Mteja anakuja na hadithi kwamba injini imechoka, anataka nifungue silinda. Naingiza mkono kwenye bomba napapasa ncha za impela, zimekuwa butu na zina meno meno, ringi ina michirizi ya duara. Injini nzima kabisa.

Kwa hiyo: zima mbali, sukuma kwa mti au shuka uivute kwa kamba. Kurudi vivyo hivyo, sukumeni mpaka kiunoni ndipo uwashe. Na kwenye fungu la Ulenge siku za bamvua usiiache boti bila mtu. Maji yanakimbia, ukirudi unakuta tani nzima na ushei imekaa mchangani, nawe unasubiri maji yarudi saa kadhaa.

Bi Ushongo

Hapo kwenye bamvua naunga mkono. Tunawaona kila likizo, wanakaa kwenye mchanga na boti yao wanapiga picha, wanadhani ndiyo starehe, kumbe wamekwama.

Kijana wa Chumbageni

Fundi, vipi kuhusu yale matundu ya kusafishia pampu? Muuzaji mmoja aliniambia ni ya matoleo ya juu tu.

FundiPampu

Alikudanganya au hajui. Kwenye Yamaha yapo mpaka SX: unainua kifuniko pale barazani tezi, unazungusha unatoa kizibo, unaingiza mkono mpaka kwenye shafti. Injini ziwe zimezimwa na ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwenye swichi. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho nisingenunua jeti isiyo nacho. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 imepungua majini, siwezi kukataa, lakini viroba, vipande vya nyavu na nyasi bahari vipo. Juzi nimetoa kamba ya nailoni iliyojizungusha kwenye shafti hadi ikayeyuka na kuganda, nyeupe, ngumu kama mfupa. Nimeikata kwa kisu cha kukunja vipande vipande nikiwa nimelala kifudifudi. Weka kisu chenye msumeno ndani ya boti, na kifungwe kwa kamba.

Mtanga Ughaibuni

La mwisho kutoka kwangu, usafiri, maana wengi hawalihesabu wakati wa kuchagua toleo.

Kontena kwa ndani lina upana wa mita 2.35 hivi. Boti yako ni mita 2.59. Haiingii ikiwa imekaa sawa. Wako wanaoilaza ubavu kwenye fremu maalumu, sipendekezi. Njia ya kawaida ni meli ya magari, boti ikiwa juu ya trela yake. Hapo kimo kinalipiwa, na mnara unaongeza kimo. Mnara wa kukunja ukunjwe kabla boti haijapimwa, vinginevyo unalipia hewa. SX haina ubishi huo.

Na chochote kinachofunguka kwa mkono kifunguliwe: nanga, jaketi, turubai, kichwa cha redio. Kampuni moja niliyosafirisha nayo, siitaji, boti ilifika na kila kitu isipokuwa vilivyokuwa havijakazwa kwa nati. Wakanijibu kwamba hawakuona vitu hivyo vikipakiwa.

Pia chagua boti ya maji matamu. Michigan, Minnesota, Tennessee, maziwa matupu. Boti ya Florida ya 2018 inaweza kuwa imezeeka kuliko ya Tennessee ya 2015. Omba kitabu cha matengenezo na saa za injini zote mbili. Zikipishana sana, uliza kwa nini.

Mzee wa Kusi

Na itakaa wapi? Usije ukailaza majini. Zamani tulikuwa na deheni ya kupaka chini na sifa, mafuta ya papa, chombo kinapandishwa, kinakwanguliwa, kinapakwa. Hizi faiba nyeupe zikilala majini majuma mawili tu, chini kunaota ndevu na viganda, mpaka ndani ya hayo mabomba yenu.

MwanaRaskazone

Itakaa kwenye trela mzee. Ila gari langu la sasa ni RAV4, futi 19 inavuta kwa dua.

FundiPampu

Futi 24 haitavuta hata kwa hitima. Boti tupu ni zaidi ya tani moja na nusu, weka mafuta, trela la ekseli mbili, nanga na vikorokoro, unazidi tani mbili na kidogo. Na hiyo ni kwenye mteremko wenye utelezi na mchanga, maji yamekupwa, tairi za nyuma ziko kwenye tope la chumvi. Prado au zaidi. Hiyo gharama iingize kwenye bei ya boti leo, usiigundue siku ya kuishusha.

Trela lenyewe liwe la alumini au lililochovywa zinki, si la kupaka rangi. Mengi ya maziwa ya bara ni chuma cha rangi, hapa halifiki mbali.

Kijana wa Chumbageni

Kwa hiyo jibu ni SX na watu wakae juani?

Bi Ushongo

Jibu ni AR. Kivuli hakiuzwi kando kikawa imara kama cha mnara, na dashibodi ya AR si ya mbwembwe kama ya Limited. Kama kuna mnara na hakuna farumi wala makochi, tosha.

FundiPampu

Sina ugomvi na AR. Ugomvi wangu ni na Limited S kwa bei ile, na 242X kwa mtu ambaye hatelezi na ubao. Matangi ya farumi yenye pampu zake, ya nini? Sisi tuna abiria wa kujazia uzito.

MwanaRaskazone

Nimewaelewa wakuu. Nakwenda na AR240, kati ya 2015 na 2017, maji matamu, mnara wa kukunja, trela la alumini. Tofauti ya bei na Limited S inaingia kwenye gari. RAV4 inauzwa, nitafungua uzi wake kwenye jukwaa la magari.

Kuna moja Tennessee na moja Michigan. Ughaibuni, naweza kukutumia picha faraghani unisaidie kuangalia?

Mtanga Ughaibuni

Tuma. Picha ninazotaka: chumba cha injini bila kupanguswa, bomba la chini, ipigwe mtu akiwa amelala chini ya trela, kijiti cha oili ya injini zote mbili juu ya karatasi nyeupe, na namba ya bodi pale tezi upande wa kulia. Ina herufi na tarakimu 12, mbili za mwisho ndizo mwaka wa toleo. Muuzaji wa Michigan akisema 2017 na namba inaishia 15, hamia Tennessee.

FundiPampu

Ukishalipa, mwambie muuzaji apime kichwa cha trela kabla halijapakiwa. Ya Marekani ni inchi 2 au inchi 2 na 5/16, na bolu zetu nyingi huku ni milimita 50. Ile ya inchi 2 na 5/16 itaruka kwenye tuta la kwanza ukitoka bandarini. Anunue bolu yake huko huko pamoja na plagi ya taa, avifunge ndani ya boksi, na aniwekee ringi mbili za pampu na impela moja ya akiba.